Maswali na majibu: Gamba ndani ya kegi kuukuu

Maswali ya safari hii yanahusu zaidi zile kegi, yaani mapipa madogo ya vinywaji, za chuma cha pua zenye ujazo wa lita 19 hivi, ambazo zamani viwanda vya soda vya Marekani vilizitumia kusambazia sharubati ya soda, na ambazo ziliuzwa kwa wingi baada ya sharubati hiyo kuanza kutiwa katika mifuko ya plastiki ndani ya maboksi. Wanaopika bia nyumbani huzipenda, na wana haki, kwa kuwa kegi njema hudumu miaka mingi sana. Nyingi huharibika si kwa uzee bali kwa kusafishwa na dawa isiyolingana na uchafu uliomo.

Nimenunua kegi mbili za namna hiyo hapa Minnesota. Ndani zina utando wa rangi kati ya nyeupe na manjano ambao sabuni haiutoi. Ni kitu gani?

Ikiwa aliyekuwa nazo kabla yako alihifadhia bia, shuku yangu ya kwanza ni jiwe la bia. Shayiri iliyooteshwa kwa ajili ya bia ina asidi ya oksaliki. Asidi hiyo ikikutana na kalsiamu iliyomo katika maji huzaa oksaleti ya kalsiamu, chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, ambayo hujishika kwenye chuma pamoja na protini za bia na kujijenga tabaka juu ya tabaka kama ukoga wa meno. Huanza na ukungu mweupe hafifu, kisha huelekea manjano na hata kahawia. Kegi ikiwa imelowa hulioni, kwa hiyo ikaushe kabisa, mulika ndani kwa tochi, na upitishe kidole: chuma safi huteleza, chenye jiwe hukwaruza.

Madhara yake hayatokani na sumu. Tatizo ni kwamba ndani ya vijitundu vya gamba hilo hujificha bakteria wanaochachua bia, na dawa ya kuulia vijidudu haiwafikii hata ukiimimina mara ngapi. Isitoshe, chembe za oksaleti huifanya bia ifurike povu inapofunguliwa.

Nitalitofautishaje na chokaa ya kawaida nikiwa nyumbani, bila maabara?

Kwa siki nyeupe na subira kidogo. Kwanza loweka sehemu ndogo ya gamba kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi yaliyosafishwa, kisha suuza vizuri. Hatua hii isirukwe, kwa sababu utando wa protini ulio juu unaweza kuizuia siki isifike kwenye madini, ukadanganyika. Baada ya hapo dondoshea siki. Likitoa mapovu na kulainika, hiyo ni kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa ileile inayoganda ndani ya birika. Likikaa kimya bila kubadilika, basi yaelekea sana ni jiwe la bia, kwani oksaleti ya kalsiamu haiyeyuki katika siki na huhitaji asidi yenye nguvu zaidi. Yote mawili yanaweza kuwamo katika kegi moja, hivyo pima chini, pima juu, na usilisahau lile bomba refu la ndani ambalo kinywaji hupandia.

Basi jiwe la bia linatolewaje?

Kwa hatua mbili, na mpangilio wake ndio kazi yenyewe: kwanza dawa ya alkali, kisha asidi. Wengi huanza na asidi kwa kuwa wamesikia kwamba asidi huyeyusha madini, kisha hukata tamaa wanapoona gamba limebaki palepale, kumbe asidi haikuyafikia madini hayo kwa sababu ya protini iliyoyafunika.

Fungua kegi na uitoe gesi yote. Gesi ya kaboni dayoksaidi iliyobaki hula nguvu ya alkali, na katika chombo kilichofungwa kumezwa kwake na alkali huacha utupu unaoweza kuzibonyeza kuta. Jaza maji ya nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi yenye magadi yaliyosafishwa au unga wa pakabonati ya sodiamu, kama gramu 8 hadi 15 kwa kila lita, uache kwa saa kadhaa. Usifunge mfuniko, kwa maana pakabonati hutoa oksijeni, na shinikizo litapanda ndani bila wewe kujua. Sugua kwa sponji laini, suuza mpaka utelezi uishe, ndipo utie asidi ya fosforiki ya kusafishia vyombo vya vinywaji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Vaa glavu na miwani. Tia asidi ndani ya maji, kamwe usitie maji ndani ya asidi. Gamba la miaka mingi huenda likadai urudie hatua zote mbili, na ni bora kurudia kuliko kuongeza ukali wa dawa.

Niko Mombasa, natengeneza kinywaji cha tangawizi chenye gesi. Maji ya kisima chetu huacha weupe kwenye birika, na sasa naona weupe uleule ndani ya kegi. Ndimu itatosha?

Itatosha, ingawa unga wa asidi ya sitriki ni nafuu zaidi na haubakizi nyama za tunda. Maji ya visima vya pwani hupita katika mwamba wa matumbawe, hivyo huchukua kalsiamu nyingi, na kwa kuwa kinywaji chako hakina shayiri, gamba hilo karibu kwa hakika ni chokaa. Gramu 20 hadi 50 za sitriki kwa lita moja ya maji ya moto zitaliyeyusha katika muda mfupi. Acha mfuniko wazi, gesi ipate kutoka.

Ila tazama chanzo. Tangawizi yenye ndimu na gesi ina uchachu, haiwezi kuweka chokaa. Kinachoiweka ni maji ya kuoshea yanayoachwa yakauke ndani. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au yaliyochujwa, kisha ipindue kegi ikauke.

Je, jiki haifai?

Haifai. Klorini iliyomo hutoboa vijishimo katika chuma cha pua, na haigusi gamba la madini. Jiki ikichanganyika na asidi yoyote, hata siki, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kama ilishatumika, suuza kwa maji mengi sana kabla ya kufikiria asidi.

Kuna madoa ya rangi ya chungwa karibu na kitako. Chuma cha pua nacho hupata kutu?

Hupata pale ngozi yake nyembamba ya oksidi ya kromiamu inapochubuliwa, na mara nyingi mchubuaji ni ule waya wa kusugulia masufuria, ambao huacha vipande vya chuma cha kawaida vinavyoota kutu. Hapa asidi ya oksaliki ndiyo dawa nzuri. Nasema hapa tu, kwa sababu haina msaada kwa jiwe la bia, ambalo lenyewe ni chumvi ya asidi hiyohiyo. Na ukiitumia pamoja na maji yenye kalsiamu nyingi utatengeneza oksaleti mpya. Suuza kwa maji laini, loweka katika sitriki ya uvuguvugu, suuza tena, uache chuma kikauke katika hewa ili ngozi yake irudi. Ukiona shimo jeusi lenye kina, usiitie gesi tena kegi hiyo.

Kegi yangu ni ya alumini. Natumia kostiki, ile alkali kali sana?

Usitumie kabisa. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Sabuni laini na sitriki hafifu zatosha. Kumbuka kwamba sumaku haikuambii kitu hapa, kwa kuwa vyuma vingi vya pua navyo havinaswi. Pima kwa uzito, maana alumini ni nyepesi zaidi.

Nimeuziwa kegi kubwa yenye jina la kiwanda cha bia. Nifungue ule mrija wa katikati nisafishe ndani?

Usiufungue. Mrija huo husukumwa na shinikizo la gesi iliyobaki ndani, na ukichomoka ghafla unaweza kuua. Tena kegi za namna hiyo kwa kawaida hubaki mali ya kiwanda hata bia ikiisha, kwa hiyo irudishe kwa msambazaji wao, udai fedha zako kwa aliyekuuzia.