Asilimia ya kupita ukaguzi haikunisaidia kuchagua vani. Sababu za kufeli zilinisaidia

Vani yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba. Nilikesha siku kadhaa nikilinganisha modeli nne, na moja ilizipita zote kwa kufaulu ukaguzi wa mwaka mara ya kwanza bila kurudishwa. Nikasema basi, hapa sina la kufikiria tena. Miezi mitano baadaye nikaipeleka kukaguliwa, ikafeli kwa mambo matatu: breki za nyuma zilivuta upande mmoja kuliko mwingine, taa za mbele zilimulika juu mno, na tairi moja lilikuwa limelika upande wa ndani, upande ambao sikuwahi hata kuuinamia.

Nilitoka pale nimeinunia modeli nzima. Mkaguzi akaniuliza kitu kimoja tu wakati ananikabidhi karatasi: "Bwana, hii vani ilikuwa inabeba nini kabla yako?" Sikujua. Nilijua asilimia ya vani zote za aina ile duniani, lakini hii iliyokuwa mbele yangu sikuijua hata kidogo.

Sisemi takwimu hizo ni za uongo. Uingereza matokeo ya ukaguzi wao, MOT, tangu mwaka 2005 yako wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuyachambua. Ujerumani, ripoti ya TÜV, mashirika yanayokagua magari huko, hutoka kila mwaka, na jambo la maana wanalofanya ni kuyatenga magari kwa umri: ya miaka 2 hadi 3 kivyake, ya 4 hadi 5 kivyake, mpaka 12 hadi 13. Ukiona takwimu zisizotenga umri, ziache zilivyo. Modeli iliyoanza kuuzwa juzi itaonekana malaika kwa kuwa karibu vani zake zote bado ni mpya, na ile iliyotengenezwa miaka ishirini itabebeshwa dhambi za vikongwe vyake.

Hata umri wenyewe kwa vani hautoshi. Gari la familia la miaka mitano ukisikia limetembea kilomita elfu themanini hushangai. Vani ya kusambaza vifurushi ya umri huohuo inaweza kuwa imetembea mara tatu ya hapo, huku mlango wa pembeni ukifunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku. Halafu kuna mwenzake, modeli ileile, mwaka uleule, ambaye mwenyewe kamwekea kitanda na jiko, anatoka naye likizo mbili kwa mwaka na siku nyingine anamfunika turubai. Hao wawili wanaingia kwenye asilimia moja. Modeli zinazopendwa na watu wa kutalii zinapata sifa ambayo nusu yake ni ya turubai.

Na usisahau waliokwisha kufa. Vani iliyooza chasisi haiji kwenye ukaguzi wa mwaka wa kumi na tano. Ilishakatwa ikauzwa chuma chakavu. Zinazofika umri huo ni zile zilizopendwa. Ndiyo maana wakati mwingine utaona modeli ya zamani sana ikipita vizuri kuliko ya umri wa kati, ukadhani chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli. Labda kilikuwa, lakini takwimu ile haithibitishi hivyo.

Kuna na hila ya kuhesabu. Kwa Waingereza, kasoro ndogo ikirekebishwa palepale kituoni ndani ya saa moja, gari hupewa cheti, ila kumbukumbu huonyesha kwamba lilipita baada ya kurekebishwa. Anayetengeneza jedwali anaweza kuliweka upande wa waliofaulu au wa waliofeli, na modeli yenye tabia ya kuunguza balbu itapanda au kushuka kwa uamuzi wake huo tu.

Nilichojifunza kufanya ni kuruka safu ya asilimia na kwenda kwenye safu ya sababu. Hapo ndipo modeli inaposema ukweli wake, kwa sababu mwenye gari anaweza kuwa mzembe au makini, lakini umbo la gari ndilo linaloamua uzembe utatokea wapi. Chukua Toyota HiAce ya kizazi kilichoanza 2004. Injini iko chini ya viti vya mbele, springi za mbele ni vyuma vya kujipinda (torsion bar), na nyuma ni springi za majani, yaani vibapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukijua hayo matatu tayari unajua pa kumulika tochi. Injini ikiwa chini ya kiti, kupima oili ni mpaka uinue kiti, kwa hiyo watu hawapimi, na uvujaji unakaa miezi bila kuonekana. Chuma cha kujipinda kina bolti ya kurekebisha kimo. Fundi akiikaza ili pua ya gari inyanyuke, pembe za magurudumu zinabadilika na tairi linaanza kuliwa ukingo mmoja. Hilo si kosa la modeli, ni mlango ambao modeli imeuacha wazi, na wengi hupitia hapo.

Springi za nyuma zilichangia kunifelisha mimi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona watu wakilieleza vizuri.

Vani nyingi, hasa zisizo na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, zina vali inayogawa nguvu ya breki kwa kufuata mzigo. Imefungwa kwenye bodi, na ina fimbo nyembamba inayoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ukipakia, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inafunguka na magurudumu ya nyuma yanapewa breki zaidi. Ukishusha mzigo, bodi inapanda, vali inapunguza, ili nyuma isije ikajifunga na kuteleza. Sasa mwenye gari aliyetangulia, bila shaka alikuwa anabeba vitu vizito, akaongeza jani moja la springi kila upande. Vani ikawa haizami kama inavyotakiwa hata ikiwa imejaa. Vali haijui habari ya majani. Yenyewe inaona bodi iko juu, inaamini gari ni tupu, inabana breki za nyuma. Kwa hiyo kadiri alivyozidi kupakia ndivyo breki za mbele zilivyozidi kufanya kazi peke yake. Juu ya hayo, dramu moja ya nyuma ilikuwa na kirekebishi, kile kinachosogeza viatu vya breki vinapolika, kilichokwama kwa kutu, ndiyo maana upande mmoja ukawa dhaifu zaidi.

Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2014 zinadai breki za kawaida za vani ndogo za mizigo za siku hizi zifikie angalau asilimia 50, yaani nguvu ya breki ukilinganisha na uzito wa gari. Hendibreki asilimia 16. Na gurudumu la upande mmoja lisipungukiwe na mwenzake wa ekseli ileile kwa zaidi ya asilimia 30. Nimeshaona watu wakipita kwenye hiyo 50 kwa raha kisha wakaangushwa na 30. Ukikanyaga breki barabarani huenda usiisikie tofauti hiyo mpaka siku ya mvua. Kwenye rola za mashine ya kupimia breki inaonekana sekunde ileile.

Kwa hiyo ukienda kununua vani, kabla ya kufungua boneti, pita nyuma, lala chini, uhesabu majani ya springi. Kama moja linang'aa au lina rangi tofauti na wenzake, uliza. Shika ile fimbo ya vali uitikise: isiyosogea kabisa imeganda, na niliyoikuta mara moja imefungwa kwa waya sitaki hata kuizungumzia.

Taa nazo zilinifundisha adabu. Vani nyingi zina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, kimeandikwa 0 hadi 3 au zaidi, cha kushusha mwanga ukiwa umepakia. Ukiwa tupu kiwe kwenye 0, na taa zipimwe hapo. Changu kilikuwa kwenye 0 na bado zilimulika juu, kwa kuwa nilienda kukaguliwa na mzigo wote wa kazi yangu ya bomba nyuma: mashine ya kukata, makasha ya vifaa, mabomba ya chuma. Hata kwa majani yale ya ziada nyuma ikazama kidogo, pua ikatazama angani. Ningeshusha vile vitu ningepita kwenye taa bila kugusa skrubu. Tangu hapo naenda nikiwa mtupu, labda kama kituo chenyewe kinataka breki zipimwe na mzigo. Hilo unaliuliza kabla.

Matairi: kina cha 1.6 mm ndicho kinachotumika katika nchi nyingi, na watu wanakijua. Wasichokijua ni herufi. Tairi la vani lina C mwishoni mwa ukubwa wake, mfano 195 R15 C, maana yake limejengwa kwa mzigo. Kuna muuzaji atakupa la gari dogo linaloingia kwenye rimu ileile kwa ulaini kabisa, na mkaguzi makini atalikataa kwa haki. Tarehe ya kutengenezwa iko ubavuni, tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT: wiki kisha mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vani zinazolala sana, zile za turubai, hufeli hapa: kashata (meno ya tairi) zimejaa, mpira umepasuka.

Kutu sitaisema sana, kila mtu anaiogopa tayari. Nitasema tu kwamba tundu katikati ya ubavu wa bodi ni aibu, lakini tundu karibu na mahali springi, mkanda wa kiti au steringi vimeshikiliwa ni jambo jingine kabisa. Waingereza hupima sentimita 30 kuzunguka sehemu hizo. Reli ya mlango wa kuteleza na vizingiti vilivyo chini yake ndiko maji yanakolala. Gonga kwa mpini wa bisibisi, usikilize. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini wiki ya kuuza hainifurahishi.

Dizeli: ipeleke injini ikiwa moto, umetoka kuiendesha barabara ndefu angalau nusu saa, si kutoka nyumbani mpaka kituoni mtaa wa pili. Kwenye kipimo cha moshi mkaguzi atakanyaga mafuta mpaka mwisho gari likiwa halina gia, na injini baridi yenye masizi ya miezi ya safari fupi itamtapikia yote. Na kwa kuwa injini itazungushwa mpaka mwisho, kama mkanda wa taimingi umepitisha muda wake, ubadilishe kabla ya siku hiyo. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usitoe waya wa betri ukidhani umemaliza. Itazimika kwa siku moja mbili na hitilafu iko palepale.

Vani yangu ya pili ilikuwa modeli iliyokuwa karibu na mkia kwenye jedwali lilelile la kwanza. Nilisoma sababu za kufeli kwake: nyingi zilikuwa balbu, waipa, na bushi, vile vipira vya kwenye maungio, za springi za nyuma. Nikafikiri, haya yote nayaweza mwenyewe Jumamosi. Nikamtafuta aliyekuwa anaitumia kazi nyepesi, akanionyesha bahasha ya karatasi za ukaguzi za miaka sita, mbili kati yake za kufeli, zote kwa bushi. Karatasi za kufeli ndizo zilizonishawishi. Mtu aliyezitunza hana anachoficha, na kila kasoro iliyoandikwa mwaka mmoja haikurudi mwaka uliofuata.

Nimeikagulisha mara saba. Imefeli mara moja, kwa balbu ya taa ya namba, na fundi wangu hajaacha kunicheka: "Wewe mzee wa takwimu, umeangushwa na balbu ndogo kuliko kidole!" Ya nane ni wiki tatu zijazo. Jana hendibreki ilipanda vijino tisa badala ya sita, kwa hiyo Jumamosi hii nipo chini ya gari.