Maswali ya Wasomaji: Mkono Ulifanya Nini Hasa?

SWALI: Natafsiri maelezo ya mashahidi mahakamani. Shahidi akisema "alinipiga" naandika "he beat me", na "alinishika mkono" naandika "he held me hand". Sentensi zangu hurudishwa kila mara. Nakosea wapi? – Karani, Mombasa

JIBU: Umekosea mara mbili, na yote mawili yametokana na Kiswahili chenyewe.

Tuanze na "piga". Kitenzi hiki ni mtumwa wa kazi zote: kofi, ngumi, konzi, saluti, hata simu. Kiingereza hakina mtumwa wa namna hiyo. Kinataka kitenzi kinachoonyesha mkono ulikuwa na umbo gani. Kiganja kilichokunjuliwa kikitua shavuni ni "slap". Mkono uliofumbwa ni "punch". Konzi ni "rap", na ni salama zaidi kuimalizia: "he rapped me on the head with his knuckles". Ncha ya kidole ikichoma ubavuni ni "poke". Kumsukuma mtu kawaida ni "push", ila kwa nguvu na hasira ni "shove".

Sasa "beat": hilo ni pigo juu ya pigo, yaani kipigo. Kofi moja likiandikwa "beat", mshtakiwa ameshaongezewa kosa kwenye karatasi na hakuna aliyeshuhudia. Kama shahidi hakusema alipigwa kwa namna gani, usimjazie. Andika "hit", nayo inatosha. Usichague "punch" kwa sababu tu unaona jicho limevimba.

Kosa la pili ni kiungo cha mwili. Sisi tunamtaja mtu na kiungo chake bila kuweka kitu katikati: alinishika mkono, alinigusa bega. Kiingereza humtaja mtu kwanza, kisha kihusishi, kisha "the", ndipo kiungo: "he grabbed me by the arm". Kushika huchukua "by": "by the wrist", "by the collar", "by the hair". Kugusa kwa juu huchukua "on": "tapped me on the shoulder", kumgonga mtu begani kwa ncha za vidole ili ageuke, "patted me on the back", kumpigapiga mgongoni kwa kiganja kumpongeza au kumbembeleza. Pigo la usoni, jichoni au tumboni huchukua "in": "punched me in the stomach". Kichwa na kidevu hubaki na "on". Kofi lina upendeleo wake, "slapped me across the face", kwa sababu mkono hupita kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Na kabla hujaandika neno lolote, muulize shahidi: mkono upi? "Hand" huishia kwenye kifundo, "wrist". "Arm" ni kutoka hapo hadi begani. Kwetu vyote ni mkono. Hata "kiwiko" kina mgogoro: wapo wanaokiita kiwiko kile kifundo cha karibu na kiganja, na wapo wanaomaanisha pale mkono unapokunjika katikati, "elbow". Mwombe akuonyeshe kwenye mkono wake mwenyewe.

SWALI: Naongoza watalii. Nikimpungia mgeni aje, wakati mwingine naye ananipungia na kubaki palepale. Halafu nikisema "I waved you" wanacheka. – Arusha

JIBU: Wewe unaita kwa kiganja kinachotazama chini, vidole vikifagia kuja kwako, kama tulivyolelewa wengi wetu. Mwingereza akiiona ishara hiyo kwa mbali hudhani unamuaga, au unamwambia asogee nyuma. Yeye huita kwa kiganja kinachomtazama mwenyewe, vidole vikikunjwa kuja kwake. Kuita hivyo ni "beckon"; kuaga au kusalimu ni "wave". Kumfukuza kuku au nzi ni "shoo".

Kilichowachekesha ni ile "-i-" ya "pungia". Kwetu imo ndani ya kitenzi, kwao hukaa nje: "I waved to you", "I beckoned to you". "Wave" humpokea mtu moja kwa moja hasa pale unapotaja na upande anaoelekezwa: "the ranger waved us through the gate". "Point" nayo hutaka kihusishi nje. Simba ukimlenga kidole ni "point at the lion". Ukionyesha upande alikoelekea ni "point towards the river". "Point out" ni kumfanya mtu akitambue kitu au jambo, na waweza kufanya hivyo mikono ikiwa mfukoni.

Na ukipiga picha na wageni huku umenyanyua vidole viwili, kiganja kiwatazame watu. Hiyo ndiyo V ya ushindi ambayo Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, aliivumisha tangu 1941, na ambayo wafuasi wa FORD, kundi la upinzani lililodai vyama vingi, walikuwa wakiinyanyua Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiugeuza mkono, mgongo wake ukawaelekea Waingereza au Waaustralia, umewatukana.

SWALI: Naomba Kiingereza cha kushika tama, kushika kiuno, kukunja mikono na kualisha vidole. – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Kushika tama hakuna neno moja, Mwalimu. "She rested her cheek in her hand" huleta mkono na shavu, lakini huzuni huachwa nyuma. Iongeze mwenyewe: "she sat sadly with her cheek in her hand". Kushika kiuno ni "with her hands on her hips". "Arms akimbo" ni ya kitabuni zaidi. Kukunja mikono kifuani ni "fold your arms". Ukisema "fold your hands" darasa zima litaunganisha vidole kama linaloomba dua.

Kualisha vidole, angalia sauti inatoka wapi. Ikitoka kwenye viungo, ni "crack your knuckles". Ikitoka kwa kidole cha kati kuteleza kwenye dole gumba na kugonga kiganja, ni "snap your fingers".

Na kwa kuwa ni darasani: "raise your hand", si "rise". "Rise" haina cha kuinua, hujiinua yenyewe.

SWALI: Mgonjwa wa kigeni ameumia mkono na hajui Kiswahili. Nimwelekeze vipi? – Muuguzi, Kigoma

JIBU: Sentensi fupi, moja moja, nawe ukifanya kwa mkono wako. "Make a fist", afumbe ngumi. "Now open your hand". "Spread your fingers", avitanue. "Touch your thumb to your little finger", aguse kidole cha mwisho kwa dole gumba. "Turn your palm up", kisha "down". Nguvu ipime kwa "squeeze my fingers", nawe umpe vidole viwili tu; ukimpa kiganja kizima, mwenye nguvu atakuumiza. Ganzi ni "numb". Kuhisi kama sindano ndogondogo ni "pins and needles".

Vidole usivitaje kwa namba. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza hawalihesabu dole gumba kuwa "finger", wengine hulihesabu, kwa hiyo "second finger" ya huyu ni "third finger" ya yule. Sema "thumb", "index finger", "middle finger", "ring finger", "little finger", na kwenye faili uandike hivyohivyo, pamoja na kulia au kushoto.