Mama Stoo anajibu: Dawa zipo, dada wa simu kaenda wapi?

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sauti tofauti: hela za wafadhili zikikatika, sisi wa huku chini inakuwaje. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi nimekaa stoo ya dawa ya wilaya moja huku nyanda za juu mpaka nimestaafu juzi juzi tu, kwa hiyo najibu kama mtu wa stoo, siyo daktari wala mwanasiasa. Majina ya waliouliza tumeyaficha.

Shikamoo Mama Stoo. Natumia dawa tangu 2016, sijawahi kuruka. Pale CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, kulikuwa na dada alikuwa ananipigia simu siku moja kabla ya tarehe yangu, tangu mwaka jana simu haziji tena, nilipouliza nikaambiwa hayupo, mradi umeisha. Na safari hii nimepewa dawa za miezi mitatu wakati nilishazoea sita. Ndo mwisho wa dawa unakuja? Naogopa hata kumuuliza nesi. – Mama wa wawili, Njombe

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza, kidonge ni kitu kimoja na yule dada ni kitu kingine, havikutoka mfuko mmoja wala havikukatwa siku moja.

Ilivyokuwa ni hivi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump kaapishwa na siku hiyohiyo kasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90 ati ikaguliwe kwanza, siku chache mbele barua za simamisheni kazi zikaanza kumiminika kwa mashirika yanayolipwa na Marekani. Wiki iliyofuata wakalegeza kidogo wakasema huduma za kuokoa maisha ziendelee, ARV (dawa za kufubaza VVU) zikiwemo, lakini kuambiwa endelea na hela kuingia kwenye akaunti ni mambo mawili, na watu wengi walishaambiwa waende nyumbani. USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani, ikafungwa 1 Julai mwaka huohuo, miradi iliyosalimika ikapelekwa wizara yao ya mambo ya nje.

Sasa nikwambie niliyoyaona mwenyewe. Jumatatu ya 27 Januari nimefika kazini saa moja na nusu asubuhi, ARV zipo, maboksi yamepangwa juu ya paleti mpaka karibu na dari, naangalia bini kadi, ile kadi ya kuhesabia mzigo, kila kitu kiko sawa. Shida gari. Ile Land Cruiser ya kusambaza dawa vituo vya pembezoni ilikuwa ya mradi, dereva wa mradi, mafuta ya mradi, na dereva ndo huyo anakuja kukabidhi funguo macho mekundu, hata chai hakutaka. Kituo cha mbali kabisa kilikuwa kilometa 60 na ushee na barabara ilishaanza kuteleza. Mfamasia kapiga simu weee, mwisho maboksi manne yakaenda juu ya bodaboda yamefungwa na mpira wa tairi, mengine yakapanda basi chini ya magunia ya viazi. Yalifika. Ila nilikaa pale na leja yangu nikawaza, miaka yote nimeandika vidonge humu, sijawahi kuandika gari, sijawahi kuandika dereva, wala mtu wa data wa kuingiza mafaili, wala yule dada wako wa simu, kumbe hao nao walikuwa dawa na hakuna stoo iliyowahesabu.

Kuhusu miezi mitatu, sijaiona stoo yenu lakini sisi tulivyokuwa tunafanya ni kwamba ukiwa na wasiwasi na mzigo unaofuata, badala ya mmoja kuondoka na za miezi sita na mwenzake kurudi mikono mitupu, wote mnapewa tatu tatu. Haina maana dawa zinaisha. Au sababu ni nyingine kabisa, kipimo chako cha wingi wa virusi kimechelewa, maana dawa za miezi sita anapewa aliyetulia, ambaye kipimo kinaonyesha virusi vimefubaa, na sampuli za damu nazo zilikuwa zinasafirishwa na pikipiki za mradi vilevile. Kwa hiyo muulize nesi hivi: kipimo changu cha mwisho ni cha lini na majibu yake yako wapi. Hilo swali manesi wanalipenda, halimkwazi mtu. Na tarehe yako ijayo weka alamu kwenye simu, mbili, na mtoto mkubwa mwambie akukumbushe "tarehe ya mama", hahitaji kujua zaidi ya hapo.

Mama vipi. Huku Mwanza tunabishana kijiweni, mmoja anasema hizo hela za wafadhili zinaliwa zote huko juu ndo maana wamechoka, mwingine anasema wao wenyewe ndo wanafaidika. Nani yuko sahihi? – Kijana wa Kirumba

Wote mna kipande. Posho za semina nimezisaini mimi mwenyewe, sitajifanya malaika hapa, semina ya siku tano kuhusu kujaza fomu ambayo ingeelezwa asubuhi moja. Na wizi upo, umeshatokea nchi mbalimbali, watu wamedaiwa warudishe hela.

Lakini hiyo picha ya gunia la dola linashushwa Dar mkubwa anachota siyo ilivyo. Chukua Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ule wa Geneva ulioanza 2002, ambao wengi tunauita Global Fund. Hauna ofisi hapa nchini. Nchi inaandika andiko, na kamati ya kuliandika lazima iwe na serikali, mashirika na wagonjwa wenyewe humohumo, ikipita kuna wakaguzi wa kukodiwa wanaofuatilia. Halafu sehemu kubwa ya dawa, vyandarua na vitendanishi inanunuliwa kwa pamoja kwa ajili ya nchi nyingi ili bei ishuke, analipwa mwenye kiwanda hukohuko. Yaani hela nyingi haziji hapa kama hela, zinakuja zikiwa vidonge. Ni ngumu kula kidonge cha ARV kama huumwi.

Wanafaidika? Ndiyo, ugonjwa haujui mpaka, kifua kikuu sugu kinapanda ndege kama mtu mwingine, na kuna heshima ya kisiasa. Rais Bush wa Marekani alipoanzisha PEPFAR, mpango wao wa UKIMWI, 2003 aliahidi dola bilioni 15 kwa miaka mitano na mpaka leo wazee huku wanamtaja vizuri, kitu ambacho kwa mambo yake mengine duniani si rahisi kukisikia.

Kuchoka wamechoka kweli, na siyo Marekani peke yake. Uingereza walitangaza Februari 2025 wanashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027, hela iende kwenye jeshi. Global Fund katikati ya mwaka huo ilikata dola bilioni 1.43 kwenye miradi iliyokuwa imeshaidhinishwa, fikiria umeshapiga hesabu ya mahari halafu unaambiwa punguza. Na Novemba walipopitisha bakuli kule Johannesburg walitaka bilioni 18, zikaahidiwa 11.34.

Chandarua tulichogawiwa jirani yangu kafugia vifaranga. Huoni ndo maana wazungu wanakasirika? – Mkereketwa, Kilosa

Kama kimechanika na kimeisha dawa mwache na vifaranga vyake. Kama ni kipya nenda kamseme, lakini usimseme kwa ajili ya wazungu, watoto wake ndo wanaoumwa malaria. Na huyo anayemwona mzungu kwenye chandarua amesahau kwamba vingi vimeshonwa Arusha, kiwanda cha A to Z, Bush alikwenda kukiona 2008 alipokuja. Kina mama wa umri wangu tutakumbuka hati punguzo, unapewa kliniki ukiwa mjamzito unaenda nayo dukani unaongezea hela kidogo unachukua chandarua. Kile cha kuongezea hela sikumbuki kukiona kwenye banda la kuku.

Salamu Mama kutoka Kwale. Nilikuwa mshauri wa kupima watu HIV kwa shirika moja, tulifutwa 2025 bila hata notisi. Sasa nasikia serikali yetu imesaini na Amerika pesa zipitie kwa serikali moja kwa moja. Je, sisi tutaandikwa? – Mshauri bila kazi

Pole sana mwanangu, kufutwa bila notisi inauma zaidi ya kufutwa.

Ni kweli, Kenya ilisaini mkataba huo wa afya Washington tarehe 4 Desemba 2025, miaka mitano, Marekani dola bilioni 1.6 na Kenya yenyewe iongeze milioni 850 za kwake. Nia yao ni kwamba pole pole mashirika yatoke katikati, na wafanyakazi wa mstari wa mbele waingie kwenye mishahara ya serikali. Kama wiki moja baadaye mahakama kuu Nairobi ikasimamisha kile kipande cha kupeana data za wagonjwa, na kwa maoni yangu hao waliokwenda mahakamani walifanya vizuri, faili la mtu wa CTC siyo kitu cha kusafirisha kiholela.

Sasa wewe uandikwe? Angalia hapa, aliyesaini ni serikali kuu, lakini tangu ugatuzi, yaani madaraka kushushwa kwenye kaunti, anayeajiri na kulipa wahudumu wa afya hospitalini kwenu ni kaunti. Hapo katikati ndipo watu wanapopotea. Usingoje tangazo la Nairobi, peleka vyeti na barua zako za kazi kwa idara ya afya ya kaunti sasa, waulize nafasi za washauri ziko kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha au hazipo. Jibu la "hazipo" nalo ni jibu, unaanza kutafuta kwingine mapema.

Kwa nini tusijinunulie wenyewe tu? – Mwalimu wa hesabu, Morogoro

Mwalimu umeuliza kifupi makusudi. Haya, hesabu: mwaka 2000 dawa za VVU za mtu mmoja kwa mwaka zilikuwa kwenye dola 10,000. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ikasema inauza 350. Leo TLD, kile kidonge kimoja kwa siku, Global Fund inakipata kwa chini ya dola 37 kwa mtu kwa mwaka, kwa hela yetu haifiki laki moja. Na mwaka 2025 TLD ya kiwanda cha Universal pale Kikuyu, Kenya, ilinunuliwa na Global Fund ikapelekwa Msumbiji, kwa hiyo hata ule wimbo wa kwamba Afrika haiwezi kutengeneza umeanza kuharibika.

Mwaka huohuo wa 2001 marais wetu walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Robo karne sasa, na nchi zilizowahi kufika hapo ni chache mno. Nigeria walipokatiwa, bunge lao ndani ya wiki chache likaongeza kama dola milioni 200 kwenye bajeti ya afya. Kwa hiyo kidonge tunakiweza mwalimu, tungekiweza zamani. Kinachonipa shaka ni yule dereva na yule dada wa simu, kwa sababu bajeti zetu nazo zinasoma kama leja yangu, zinaandika vidonge. Mbunge wako akija kwenye mkutano usimuulize dawa, atasema zipo na atakuwa anasema kweli. Muulize nani anazipeleka na analipwa na nani.

Mama, mume wangu kaenda machimboni Chunya kasahau dawa zake zimeisha, mimi ninazo. Nimtumie nusu kwa basi? – Mbeya mjini

Usitume. Ukigawa, mwezi ujao mtakosa wote wawili, na huwezi kujua kama mnatumia za aina moja. Aende CTC yoyote iliyo karibu naye leo au kesho, aseme yuko safarini, ataulizwa namba ya kadi na kituo chake, watampa za kumfikisha. Kadi kama kaiacha nyumbani ipige picha umtumie WhatsApp, namba isomeke vizuri. Zako meza mwenyewe.