Programa mzuri si mtu wa kubadilisha tona

Ukiajiriwa kuandika programu kwenye kampuni isiyouza programu, iwe ya usambazaji, bima au usafirishaji, jiandae kuitwa "mtu wa IT". Printa ikikwama, unaitwa. Bosi akisahau nywila, unaitwa. Kazi hiyo ndiyo iliyoniweka mjini Dar, lakini leo naongea na mabosi zaidi kuliko vijana wenzangu. Kijana akichoka anaondoka, hasara anakuachia wewe.

Wengi wanaamini kipaji kinahitajika kwenye aplikesheni zinazouzwa tu, na kwamba mfumo wa ndani mtu yeyote atauandika ilimradi ripoti itoke. Si kweli hata kidogo. Chukua malipo ya simu, ambayo tumeyazoea tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008. Mteja akilipa, taarifa inatumwa kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha mfumo. Seva ikichelewa kujibu, taarifa ileile huweza kutumwa tena. Programu iliyoandikwa kwa pupa huipokea kama malipo mapya, na mteja aliyelipa 50,000 anaonekana kalipa 100,000. Mwisho wa mwezi wahasibu wanakesha na Excel wakilinganisha mstari kwa mstari, kisha anaajiriwa mhasibu mwingine eti kazi imeongezeka.

Mahali nilipofanya kazi, aliyemaliza tatizo hilo hakujenga mfumo mpya. Alikaa na dada wa uhasibu asubuhi nzima akimtazama anavyofanya, halafu akaweka sharti moja kwenye hifadhidata: namba ya muamala isiingie mara mbili. Akasawazisha pia namba za simu, maana namba ileile ikianza kwa 0754, 255754 au +255754 ilikuwa inamgeuza mteja mmoja kuwa watatu. Kwenye tathmini ya mwaka akapewa alama za wastani, kwa kuwa hakuwa na "mradi" wa kuonyesha. Naudhika mpaka leo.

Sisemi kila kampuni imtafute mtu wa aina hiyo. Kama shida yenu ni daftari la mauzo na stoo, nunueni programu ya uhasibu iliyo tayari, kama QuickBooks au Tally, mfundishane, basi. Programa mzuri anahitajika pale stoo, malipo ya simu na risiti za TRA (Mamlaka ya Mapato) vinapotakiwa kusomana. Huyo mkalishe karibu na wahasibu, asifungiwe chumba cha seva. Akikuambia ripoti fulani haina haja, msikilize. Printa tafutia fundi kompyuta. Ni kazi ya heshima, ila ni kazi nyingine.

Siku ya usaili achana na maswali ya vitabuni. Mpe faili la Excel lenu lililovurugika kuliko yote, majina ya wateja yakiwa yameondolewa, uone anaanzia wapi. Akiuliza kwanza nani analijaza na kwa nini, mpe kazi. Mshahara mkubaliane mapema, kabla benki haijampigia simu kumchukua.