Jibu: Kujua kama vijana wa mieleka wanapona kati ya mazoezi

Kocha, umesema vijana wako hapo Ujiji, Kigoma, wanafanya mazoezi mara mbili kwa siku, wamechoka, na huna kifaa chochote. Saa, mizani na daftari vinatosha.

Kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo akiamka, kabla hajatoka kitandani, kwa dakika nzima. Chukua wastani wa wiki moja ya mazoezi mepesi. Yakizidi wastani huo kwa 7 hadi 10 siku mbili mfululizo, mpunguzie: mbinu tu, asipambane. Lakini Kigoma usikimbilie kusema ni uchovu. Akiwa na homa au kichwa kinauma, apime malaria kwanza.

Mpime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua, anywe takriban lita 1.5, kidogo kidogo. Wanaojinyima maji ili wapunguze uzito watakuharibia vipimo vyote, wakataze.

Andika pia saa za usingizi.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, na misuli imevimba na kuuma sana, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Tafadhali usimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, inaziumiza figo zaidi.