NT-proBNP ya 2,400 haihesabu siku za mtu

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama NT-proBNP (kipimo cha damu cha moyo kushindwa kufanya kazi vizuri) ya 2,400 ina maana mzee wenu hana muda mrefu. Hapana, kipimo hiki hakisomwi hivyo. Kuta za moyo zikivutika kwa kulemewa ndipo kitu hicho kinachopimwa, NT-proBNP, humwagwa kwenye damu. Ni kweli kadiri kinavyopanda, ndivyo hatari ya kulazwa tena au kufariki inavyoongezeka, ila hiyo ni hesabu ya kundi la wagonjwa, si ya baba yako peke yake.

Halafu umri, figo zilizochoka na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huipandisha namba hii, na unene huishusha; mtu mnene anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyo. Kwa hiyo mimi nisingeitazama bila kreatinini (kipimo cha figo), himoglobini (wingi wa damu) na sodiamu (chumvi ya kwenye damu). Sodiamu ikiwa chini, hiyo nayo si habari njema.

Cha kufuatilia ni mwendo: ikishuka 30% au zaidi baada ya dawa, hiyo ni dalili nzuri. Kama anatumia sacubitril/valsartan, dawa ya moyo, apimwe NT-proBNP hiyohiyo, si BNP (homoni ya moyo inayofanana nayo jina), maana dawa hiyo huzuia BNP isivunjwe, nayo inaweza kupanda bila hali kuwa mbaya.

Ila msimalize hela maabara. Utafiti wa GUIDE-IT (2017) wa Marekani na Kanada ulikuta kurekebisha dawa kwa kufuata namba hii hakukuzidi matibabu mazuri ya kawaida. Nunueni mzani, uzito wa mzee ukiruka kilo 2 ndani ya siku 3, huenda maji yanajaa mwilini, pigeni simu kliniki.