Kwenye CV Hakuna Jirani wa Kukusemea: Majibu kwa Waombaji Kazi wa Tanga

Tangu lianze kujengwa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja mpaka hapa kwetu Chongoleani, kilomita 1,443, maswali ninayopata kuhusu kazi yameongezeka. Si ya bomba tu. Wapo wa bandarini, wa viwandani Pongwe, wa ualimu, wa benki. Nilikaa upande wa wasaili miaka mingi kabla ya kustaafu, na majibu haya yanatokana na niliyoyaona nikiwa pale. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Shikamoo mama. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka jana, naishi Chumbageni. Kila nikikaa kuandika CV naishia nusu ukurasa kwa sababu sijawahi kuajiriwa. Rafiki yangu ananishauri nijazejaze zifike kurasa nne. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usijazejaze. Kurasa mbili zinamtosha mtu wa umri wako, na msaili mwenye rundo la CV mezani atakushukuru.

Lakini hiyo nusu ukurasa nayo siiamini. Naijua inakotoka. Mtoto aliyelelewa vizuri hapa Tanga hajisemi; sifa zake husemwa na watu. Ni adabu nzuri na sitaki uiache, ila kwenye CV hakuna jirani wa kukusemea. Wala sikuambii ujisifu. Kujisifu ni kule kuandika "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Sentensi hiyo nimeisoma mara zisizohesabika, na hata siku moja haijanisaidia kumtofautisha mtu na mwenzake. Ninachokuomba ni ushahidi: ulifanya nini, wapi, kwa muda gani, na kilitokea nini.

Chukua mafunzo kwa vitendo uliyofanya ukiwa chuoni. Ukiandika "idara ya fedha, wiki 8" umeniachia kazi ya kubahatisha. Ukiandika kwamba kwa wiki hizo 8 ulikuwa ukiingiza stakabadhi za makusanyo ya kila siku na kuzilinganisha na taarifa ya benki, na ukagundua stakabadhi zilizoandikwa mara mbili, hapo nimeshakuona umekaa kwenye kiti. Kisha jiulize mengine. Daftari la madeni la duka la mama nani alikuwa akiliandika? Umewahi kuwa mweka hazina wa kikoba, wa madrasa, wa kwaya, wa chama cha wanafunzi? Mtu aliyeshika fedha za wanachama 25 kwa mwaka mzima na hesabu ikakaa sawa siku ya mgawo amefanya uhasibu, hata kama hakulipwa. Iandike, uweke na idadi na mwaka.

Mpangilio usikusumbue. Juu jina lako kama lilivyo kwenye vyeti, namba ya simu ambayo unaipokea mwenyewe, na barua pepe yenye jina lako, si ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili. Halafu elimu ukianzia ya karibuni, kazi na mafunzo, ujuzi wa kompyuta kwa kutaja programu unazozijua kweli, mwisho wadhamini watatu. Dini na kabila havina kazi pale.

Wadhamini hao waombe ruhusa kwanza, tena kila mara. Niliwahi kumpigia mdhamini mmoja, mtu mzima wa heshima, akaniuliza: "Huyo kijana ni nani?" Yule kijana pengine alikuwa mzuri sana. Sikupata tena namna ya kulijua hilo.

Na jambo moja linaloniumiza. Vijana wengi mnachapiwa CV steshenari, na kijana wa pale, kwa kutaka kuwahi, anafungua CV ya mteja wa jana na kubadilisha jina. Nimeshika mkononi CV ya mhasibu iliyosema lengo lake ni kuwa dereva mahiri. Kaa kwenye kile kiti, isome yote kabla ya kulipa, uihifadhi kama PDF ili mistari isihame, na faili uliite kwa jina lako.

Jina la baba yangu ni "Ally" kwenye cheti cha kidato cha nne, "Ali" kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, na cheti cha chuo kimeongeza jina la babu. Nikiomba serikalini itakuwa tatizo?

Itakuwa, na tatizo lenyewe hujitokeza siku mbaya, siku ya usaili, ukiwa umesimama kwenye foleni ya kuhakikiwa vyeti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inawataka wenye majina yanayotofautiana wamwone wakili, watengeneze hati ya kubadili jina, na ihakikishwe imesajiliwa na mamlaka husika. Ile ya kugongwa muhuri tu bila kusajiliwa isikupe usingizi. Anza sasa, kabla tangazo unalolitaka halijatoka, maana muda wa matangazo haumngojei mtu.

Ukiwa huko, linganisha pia tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zikitofautiana na cheti cha kuzaliwa, hilo nalo lirekebishe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Makorora, miaka tisa sasa. Nilijifunza gereji kwa mjomba, sina cheti chochote zaidi ya cha darasa la saba. Kampuni zinataka CV. Niandike nini?

Fundi, wewe una mengi ya kuandika kuliko yule mhasibu wangu, basi tu hukuzoea kuyaona kuwa ni maandishi.

Anza na karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, yaani watu waliojifunza kazini kama wewe wanatathminiwa kwa wanachoweza kufanya na kupewa cheti. Nenda VETA hapa Tanga uulize tathmini ya fani yako ni lini. Hutarudishwa darasani kuanza upya kama mtoto.

CV yako iwe ukurasa mmoja. Usiandike "najua kuchomelea". Andika unachomelea kwa umeme, kwa gesi, au vyote; mabamba ya unene gani; mageti, bodi za malori, matangi ya maji; kama unajua kusoma mchoro; kama umewahi kuwa na vijana chini yako na wangapi. Miaka tisa igawe kwa mahali ulipofanya. Wadhamini wako ni wateja: mwenye lori ambaye bodi lake ulilijenga na mpaka leo linabeba mkonge ni mdhamini mwenye uzito. Piga picha za kazi zako, nne tano safi, uwe nazo kwenye simu.

Halafu ujue kwamba kwa fani yako usaili wenyewe uko mikononi. Watakupa vipande viwili vya chuma uviunge. Fika na viatu vya kazi na miwani yako, na kabla hujawasha mashine uliza vifaa vya usalama viko wapi. Wasimamizi wanalitazama hilo kabla hawajautazama mshono.

Mama, mimi naogopa lile swali la "tueleze kwa kifupi kuhusu wewe". Mara ya mwisho nilianza na shule ya msingi, nikasikia mtu anakohoa, nikanyamaza. Na Kiingereza changu ni kizito. Nisaidie.

Pole mwanangu. Wengi wanaanguka hapo hapo, na wanaanguka kwa sababu wanadhani wameulizwa historia. Hukuulizwa ulizaliwa wapi. Umeulizwa: kwa nini wewe, kwa kazi hii? Jibu la dakika moja na nusu linatosha. Sema wewe ni nani kikazi, taja jambo moja au mawili uliyofanya yanayofanana na kazi wanayoitangaza, kisha useme kwa nini umeomba pale. Unyamaze kwa kutaka mwenyewe, si kwa kukoholewa.

Utajuaje kinachofanana? Tangazo. Yale majukumu yaliyoorodheshwa ndiko maswali yanakotoka. Nilipokuwa natunga maswali nilikuwa nimelifungua tangazo mbele yangu, sikuwa na kitabu cha siri. Basi chukua kila jukumu na ulitafutie kisa chako kimoja cha kweli.

Kisa ukisimulie kama unavyosimulia yaliyokupata sokoni: kulikuwa na nini, ukafanya nini, kikawaje. Namkumbuka kijana mmoja aliyeomba kazi ya ghala. Tulimuuliza alivyowahi kukabili shida ya ghafla. Wenzake walijibu kwa nadharia, kwamba msimamizi bora anapaswa kufanya hivi na vile. Yeye akasema alikuwa akiuza samaki pale Deep Sea, siku moja barafu ikamwishia saa nne asubuhi na mzigo ungali mwingi. Akawapigia wateja wake wa migahawa mmoja mmoja, akawashushia bei, kufika adhuhuri mzigo umekwisha. Faida ilipungua, mtaji haukuguswa. Kisha akaongeza kwamba tangu siku ile alikuwa akiagiza barafu usiku. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyompa kazi. Tulikuwa watu watano mezani na wote tuliinua kalamu kwa pamoja.

Angalia pia neno "mimi". Adabu ile ile niliyoisema mwanzo inawafanya watu waseme "tulifanya, tulipanga". Msaili anataka kujua wewe ulishika nini. Kusema "tulikuwa wanne, mimi nilishika orodha ya mzigo" si majivuno.

Wakikuuliza udhaifu wako, usiseme unafanya kazi kupita kiasi. Taja udhaifu wa kweli, usiogusa roho ya kazi yenyewe, na useme unaushughulikiaje.

Sasa Kiingereza. Lugha nzito haimzuii mtu kupata kazi kama ukimya unavyomzuia. Visa vyako vitatu vinne viandae kwa lugha zote mbili na uviseme kwa sauti, si kuvisoma kimya. Kaa barazani na ndugu yako, mpe maswali, akuulize. Ukifika kwenye usaili na neno likakukwama, omba kwa utulivu ulieleze jambo hilo kwa Kiswahili, kisha urudi. Kwenye kazi za serikali hata barua ya maombi inapokelewa kwa Kiswahili au Kiingereza. Iandike kwa lugha unayoimudu, na usisahau kuisaini. Barua isiyo na saini inamwondoa mtu kabla hajaonekana.

Wakiniuliza nataka mshahara kiasi gani nijibuje?

Serikalini hutaulizwa, mshahara umeshapangwa kwa ngazi na ngazi imo kwenye tangazo. Kwenye kampuni binafsi, uliza watu wa fani yako wanalipwaje hapa Tanga, kisha utaje kiasi cha chini na cha juu. "Chochote mtakachonipa" usiseme. Ni unyenyekevu uliopotea njia, na utaujutia kila mwisho wa mwezi.

Ila ujue unataja nini. Mshahara wa 600,000 kwenye mkataba hauji wote mkononi. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri akikukata asilimia 10, inachukua 60,000. Inabaki 540,000 ya kukatwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ambapo 270,000 za mwanzo hazitozwi, kodi ni 24,000. Unapokea 516,000. Bodi ya mikopo ikiwa inakudai, toa na hiyo. Piga hesabu hii nyumbani kabla ya kwenda.

Nilikaa nyumbani miaka mitano kulea. Kwenye usaili nikaulizwa kama nina mpango wa kuzaa tena. Nilijisikia vibaya sana lakini nilijibu. Je, ilikuwa haki?

Haikuwa haki dada yangu, na ulivyojisikia ndivyo ilivyostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa pamoja na mengine, na inamlinda mwombaji kazi sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Ukiulizwa tena, jibu kwa upole kwamba majukumu yako ya nyumbani umeyapanga na muda wa kazi utauheshimu, kisha uwarudishe kwenye kazi yenyewe.

Miaka hiyo mitano usiifiche kwa kuchezea tarehe. Andika mstari mmoja: malezi, mwaka fulani hadi mwaka fulani. Kama humo ndani uliuza vitafunwa, ulisoma kozi au uliongoza kikundi cha akina mama, kiandike chini yake na idadi zake.

Kuna mtu ameniambia nitume 150,000 jina langu liingizwe kwenye orodha ya usaili.

Usitume. Wala usimjibu tena.

Nimeitwa kwenye usaili wa serikali kwa mara ya kwanza. Nibebe nini, na nivae nini?

Hongera sana. Vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha juu kabisa. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi. Kitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba siku ile ile uliyotuma maombi. Siku hizi usaili mwingine hufanyika mikoani kwa kufuata makazi uliyojaza kwenye akaunti yako ya maombi. Kama ulijaza Dodoma ulipokuwa chuoni na sasa uko Tanga, badilisha.

Ukiitwa Dodoma, panda basi Kange siku moja kabla, si usiku wa kuamkia usaili. Tarajia mchujo wa kuandika kwanza, na ni waliofaulu huo tu wanaoendelea na mahojiano, kwa kada nyingine na vitendo katikati. Namba yako ya usaili inakili kwenye karatasi, simu huzimika.

Nguo iwe safi, iliyopigwa pasi, unayoweza kukaa nayo saa nne bila kujivutavuta. Baibui na kanzu ni mavazi ya heshima, sijaona mtu akipunguziwa alama kwa hayo. Viatu vijaribu nyumbani kwanza. Foleni ya uhakiki ni ndefu na mara nyingi iko juani.